X5 inayomisi kilimani Mkoani: hamisha koili kabla hujanunua kitu

Dada mmoja wa Chake Chake, Pemba, mfanyabiashara wa vitambaa, ameniandikia kuhusu BMW X5 yake ya mwaka 2008, ile 3.0si ya petroli iliyotoka Japani. Asubuhi, khasa mvua ikiwa imenyesha usiku, injini hutetemeka ikiwa sailensa (inanguruma bila ya kukanyagwa) kwa dakika chache kisha hutulia. Barabara ya tambarare haina neno. Lakini akenda Mkoani kupokea mzigo, pale anapopanda kutoka bandarini, gari inakata nguvu, inapiga mateke (ndiyo kumisi, silinda inaruka kuwaka), na taa ya injini kwenye dashibodi inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ndani kunanuka petroli. Maji ya rejeta hayapungui. Mashine ya kupimia ilitoa namba za makosa, yaani kodi, P0300 na P0303. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote 6, gari ikatulia wiki mbili, kisha ikarudia yale yale. Wa pili anasema ni pampu ya petroli. Wa tatu amemwambia injini imechoka, atafute ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Anauliza amsikilize nani.

Dada yangu, huyo wa pili na wa tatu waweke kando kwanza. Wa kwanza hakutibu gari, lakini amekuachia ushahidi mzuri kuliko hiyo mashine.

Ushahidi wenyewe ni zile wiki mbili. Plagi mpya haichoki kwa wiki mbili. Basi kama gari ilitulia kisha ikarudi, kilichoitengeneza hakikuwa plagi, kilikuwa kitu kingine ambacho fundi alikifanya njiani akielekea kwenye plagi. Ili uifikie plagi ya injini hiyo lazima uing'oe koili iliyokaa juu yake. Plagi iko chini ya kisima kirefu, na fundi akikuta kisima kina oili atachukua kitambaa akipanguse, kwa sababu hakuna fundi anayependa kufanya kazi ndani ya oili. Koili akairudisha kavu, gari ikafurahi. Oili ikaendelea kuvuja taratibu, kisima kikajaa tena, na wewe ukarudi kwenye kilima cha Mkoani ukiwa na kosa lile lile. Sijaiona gari yako, lakini kwa maelezo haya ningeanzia hapo: gasketi ya kava ya tapeti (mpira unaoziba mfuniko wa juu wa injini) inavujisha oili kwenye kisima cha silinda ya 3, na mpira wa koili ya hapo umeshaharibika au uko njiani.

Injini yako BMW wanaiita N52: silinda 6 kwa mstari mmoja, na kila silinda ina koili yake. Koili inapandisha umeme mdogo wa betri mpaka maelfu ya volti, umeme huo unashuka ndani ya mpira mrefu mpaka kwenye plagi, unaruka ule upenyo mdogo wa ncha, cheche inatoka. Mpira ukikaa kwenye oili muda mrefu unavimba na kulegea, kisha unafanya nyufa. Hapo umeme haushuki tena mpaka kwenye ncha, unakatisha pembeni kuingia kwenye chuma cha injini, kwa kuwa njia hiyo imekuwa rahisi zaidi. Unyevu wa usiku wa masika unaifanya rahisi zaidi tena, ndiyo maana asubuhi gari inasumbua mpaka joto likaushe. Na kilimani? Ukikanyaga, silinda inajaa hewa na petroli nyingi, mgandamizo unakuwa mkubwa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke ndani ya mgandamizo huo. Koili dhaifu inayomudu tambarare ya Chake inashindwa Mkoani. Gari inayomisi ikibeba mzigo na ikatulia mwendo wa kawaida, mimi huanza na umeme wa plagi kabla ya jengine lolote.

Sasa kuhusu pampu. P0303 maana yake ni silinda ya 3 haiwaki ipasavyo. P0300 ni kompyuta kusema imeona misi isiyotulia mahali pamoja, na mara nyingi hujitokeza tu sambamba na ile ya silinda moja, kwa sababu silinda moja ikikata, mzunguko wa injini nzima unayumba. Fundi mwenye mashine inayosoma lugha ya BMW yenyewe ataona 29CC na 29CF, ni maneno yale yale. Pampu inalisha bomba moja, na bomba hilo linalisha injekta (vipulizio vya petroli) zote 6. Pampu ikidhoofika haichagui silinda ya 3. Ungeona silinda tofauti tofauti zikitajwa, na pengine P0171 pamoja na P0174, yaani pande zote mbili za injini, silinda 1 hadi 3 na 4 hadi 6, zinalalamika kuwa petroli ni kidogo kuliko hewa. Hayo hukuyataja. Fundi wa pili akishikilia kuwa ni pampu, mwambie aweke geji aonyeshe presha: injini hii inataka karibu bari 5. Geji ikionyesha 5 hata ukipiga resi, hadithi ya pampu imekwisha.

Kabla ya kupima chochote, kuna jambo la hiyo taa. Ikiwaka ikatulia, unaweza kurudi nyumbani taratibu. Ikiwa inawaka na kuzima, ni kompyuta inakwambia kuna petroli isiyoungua inayoingia kwenye bomba la moshi na inaweza kuiua katalisti, kile kisafisha moshi. Kwenye N52 katalisti ziko mbili na zimeungwa pamoja na manifoldi ya ekzosi, karibu kabisa na injini, si kitu unachokata chini ya gari na kuweka kengine. Koili moja unayoiacha leo kwa kubana matumizi inaweza kukufikisha huko. Kwa hiyo ukiona inamemeta kilimani, punguza mguu, shusha gia, panda pole pole, wanaokupigia honi nyuma yako waache wapige. Na ukihisi gari imezidi kuwa nzito ghafla, pengine kompyuta imeshaifungia injekta ya silinda hiyo ili kuiokoa katalisti. Zima gari, ipumzike, usiilazimishe.

Pia mkataze fundi kuchomoa betri ili "kufuta taa". Kwanza betri ya X5 hiyo haiko mbele, iko nyuma chini ya sakafu ya buti, na mafundi wengi hutafuta nusu saa kabla hawajajua. Pili, anaweza kufuta mambo ambayo kompyuta imejifunza. Taa inafutwa kwa skana, ile mashine ya kupimia. Hata kile kidude kidogo cha ELM327 kinachozungumza na simu kinatosha kwa kusoma na kufuta. Tundu lake liko chini ya dashibodi upande wa dereva.

Kipimo chenyewe hakikugharimu kitu. Fanya injini ikiwa imepoa, mahali pakavu, si chini ya mkarafuu wenye vumbi na majani. Ondoa mfuniko wa plastiki wa injini, kisha sanduku la filta ya hewa ya ndani lililoko nyuma karibu na kioo, kwani linazifunika silinda za mwisho. Silinda namba 1 ni ya mbele kabisa upande wa rejeta, na ya 6 ni ya nyuma kabisa. Hesabu kwa nafasi zilivyokaa. Nimeona mtu akihesabu kwa mpangilio wa kuwaka, 1-5-3-6-2-4, akamaliza siku nzima kwenye silinda isiyo na kosa.

Koili za hapo hazina bolti. Kila moja ina kishikio kidogo kinachofunga soketi ya waya. Kinyanyue, soketi inaachia, kisha vuta koili moja kwa moja juu, bila ya kuizungusha kwa nguvu. Ikitoka, usiiweke chini bado. Iangalie kwenye mwanga. Mpira mzima ni mweusi, mkavu, mgumu kidogo, na chemchemi ya ndani inang'aa. Mpira mbovu unateleza mkononi, una weusi wa oili mpaka juu, au una mstari mwembamba wa kijivu kama ufa wa kikombe, unaoshuka ubavuni. Huo mstari ndio njia ambayo umeme umejichomea. Ukiuona, umeshapata mwizi wako. Ndani ya kisima piga tochi: ukiona kimeng'aa chini na plagi imezama, ni oili. Kama kuna unga mweupe au kijani kwenye ncha za soketi ni kutu ya unyevu wa chumvi, na sisi watu wa kisiwani tunaijua vizuri. Hiyo isafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, usiikwangue kwa kisu.

Sasa koili ya silinda ya 3 ihamishie silinda ya 1, na ya 1 iweke ya 3. Nachagua ya 1 kwa kuwa iko mbele na inafikika, ya 6 utajitesa bure. Rudisha soketi mpaka zisikike, futa kodi kwa skana, halafu nenda kwenye kilima kile kile, si kuzunguka mtaani, kwa sababu tambarare gari yako haina kosa. Taa ikirudi soma tena. Ikisema P0301, kosa limehama na koili: nunua koili. Ikisema bado P0303, koili haina hatia na unaendelea mbele. Na isiporudi kabisa? Basi umelitibu kwa kukausha, kama fundi wa kwanza, na swali lako limehamia kwenye gasketi.

Tafadhali usimruhusu mtu anyanyue koili injini ikiwa inanguruma ili asikilize ipi "haifanyi kazi". Ni mtindo uliobaki kutoka kwenye magari ya zamani. Hapa cheche isiyopata plagi inaruka mahali popote, inaiua koili nzima, inaweza kuiumiza kompyuta, na fundi mwenyewe anapata mtikisiko wa mkono asiousahau.

Ukikuta oili kisimani, inyonye kwa sirinji yenye mpira mwembamba kabla hujagusa plagi, kisha puliza upepo kutoa mchanga. Plagi ikifunguliwa kisima kikiwa kimejaa, oili yote inashuka ndani ya silinda, na siku ya kwanza gari itatoa moshi wa buluu utakaokutia hofu bila sababu. Plagi ikitoka, tofautisha mambo mawili ambayo mafundi huyachanganya na kumuuzia mtu injini. Oili iliyoko juu, kwenye kauri nyeupe na pale panapokaa spana, inatoka kwenye gasketi, na gasketi ni mpira tu. Oili iliyoko chini, kwenye ncha ya kuwakia, imetoka ndani ya silinda: ringi za pistoni au sili za valvu. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzima. Nyeusi kavu yenye masizi, au iliyolowa petroli, ni silinda ambayo cheche haikutoka. Ncha iliyosafishika kupita wenzake, kama imeoshwa, inanifanya niulize maji ya rejeta, lakini wewe umesema hayapungui, nami nakuamini mpaka plagi iseme vyengine.

Gasketi hiyo ya kava ya tapeti ni ugonjwa wa kawaida wa N52 zenye umri huu. Mpira umepikwa na joto miaka mingi, umekuwa mgumu kama plastiki. Kazi ya kuibadilisha haihitaji kushusha injini, lakini inataka mtu mwenye subira, kwani inagusa mota na sensa ya Valvetronic (mfumo wa BMW unaobadilisha ufunguaji wa valvu), na soketi ya sensa hiyo ikilowa oili utaanzisha kosa jipya. Mambo mawili umsimamie. Nunua seti nzima, ya pembeni pamoja na ya visima vya plagi, si kipande kimoja na kingine kipakwe silikoni. Na kama kava yako ni ya magnesiamu, bolti zake ni za aluminiamu, za kutumika mara moja. Zikifunguliwa zinatupwa, mpya zinakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Bolti ya aluminiamu iliyorudishwa inakatika ndani, na hapo ndipo kazi ya siku moja inapokuwa ya mwezi. Kama kava yenyewe ni ya plastiki na imepasuka, gasketi mpya haitasaidia kitu, itavuja mahali pengine.

Tuseme koili haina hatia na kisima ni kikavu. Hamisha plagi kwa utaratibu ule ule. Wewe umewekewa plagi mpya, sawa, lakini plagi mpya ya bandia ipo tele, na hata ya asili kauri yake hupata ufa ikianguka sakafuni fundi akaificha. Baada ya plagi ni injekta. Kuisikiliza kwa bisibisi ndefu sikioni kunakwambia kama inagonga, hakukwambii kama inapulizia vizuri. Kwenye N52 injekta zinapulizia kwenye manifoldi, si ndani ya silinda, kwa hiyo kuzihamisha ni kazi ya wastani tu, na jibu linapatikana kama la koili: kosa limehama, au limekataa.

Petroli chafu nayo huileta misi, ingawa si ya silinda moja. Ikiwa kuna wakati meli ilichelewa ukanunua ya dumu, chukua kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache itulie saa nzima. Maji yatakaa chini na mstari utauona kwa macho.

Kuhusu kuvuja hewa kwenye manifoldi sitaki kukuchosha, ila hili moja litakusaidia kumpima fundi. Kwenye skana kuna mistari ya STFT na LTFT inayoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kiasi gani. Ikiwa sailensa ni juu ya asilimia +10 na ukipiga resi inashuka karibu na sifuri, hewa inaingia isikotakiwa. Ikiwa inazidi kupanda ukikanyaga, petroli haifiki ya kutosha. Ikiwa haichezi sana wakati wote, sahau hewa na pampu, rudi kwenye cheche. Valvetronic inaendesha injini kwa mvuto mdogo sana wa hewa kwenye manifoldi, kwa hiyo fundi aliyezoea kusikiliza mlio wa kuvuja kwenye Toyota hapa hatausikia. Anahitaji mashine ya moshi, inayopuliza moshi ndani ili utokee panapovuja.

Ule mlio wa tik tik unaosikika juu ya injini baridi, kama unao, ni vinyanyua valvu. N52 nyingi zinao, khasa za safari fupi fupi. Hauhusiani na misi, usikubali kuchanganyiwa. Solenoidi za VANOS (mfumo unaorekebisha muda wa valvu) zikichafuka zinaweza kuifanya gari itetemeke ikiwa sailensa, lakini huja na kodi zake, 2A82 au 2A87, si P0303 peke yake.

Ukinunua koili usinunue ile isiyo na jina. Bosch, Delphi na Eldor ndio waliokuwa wakiwapa BMW, na kopi zao ziko nyingi sokoni. Muuzaji wa Dar anayekuletea kwa boti akutumie kwanza picha ya maandishi yaliyochongwa kwenye koili yenyewe, si ya boksi. Nunua moja unayoihitaji na moja ya akiba, sita kwa mpigo hazina haja. Kabla ya kuiweka, paka ndani ya mdomo wa mpira grisi kidogo ya silikoni ya umeme. Na waambie vijana wa kuosha magari boneti waiache. Maji ya presha yakipigwa juu ya injini yanaishia kwenye visima hivyo hivyo. Majani yaliyojaa kwenye mfereji chini ya kioo cha mbele yatoe kwa mkono kila mara, maana maji ya mvua yakikosa njia hutafuta yao.

Sasa injini ya mtumba. Huyo fundi wa tatu alipime neno lake kwa geji ya kompreshi, inayopima mgandamizo wa kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote 6 nje, injekta zimenyimwa umeme, mguu chini kabisa, kisha aandike namba za silinda zote. Namba moja moja hazinishughulishi kama tofauti yake na wenzake. Zikipishana kidogo tu, injini yako ni nzima na yeye anatafuta kazi. Silinda ya 3 ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, amimine kijiko cha oili kwenye tundu la plagi apime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya kichwa. Hapo ndipo mazungumzo ya injini yanapoanza, na hata hapo kichwa kinafunguliwa kwanza kuangaliwa. Injini ya mtumba utakayoletewa ni N52 nyengine yenye gasketi ya umri ule ule.

Vyovyote itakavyokuwa, misi ikishapona badilisha oili ya injini. Silinda isiyowaka imekuwa ikishusha petroli kwenye oili, na X5 yako haina kijiti cha kupimia. Fungua menyu ya gari usome kiwango, na kikiwa kimepanda juu ya mstari wa mwisho bila wewe kuongeza, usiiendeshe kwenda Mkoani kabla ya kuimwaga. Namba za kompreshi na picha ya mpira wa koili ya 3 nitumie zikipatikana, nikuambie kinachofuata.